Kila Chuma Ndani ya Kopo

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, la ukubwa wa nyumba yenye watoto wengi, karatasi yake imebanduka zamani na mdomo wake umepigwa nyundo usikate watu vidole. Lilikaa juu ya stuli karibu na mlango wa karakana yetu ya baridi, pale Likasi, mji wa migodi wa Kongo, na hakuna fundi aliyefungua kabati la umeme bila kupita hapo kwanza. Unavua saa. Unavua pete. Unavua mkufu, msalaba, rozari, bangili uliyovishwa na bibi yako ya kukinga wachawi, mkanda kama una bizimu. Kisha unamwonyesha Shefu mikono na shingo, kama mtoto wa shule anayekaguliwa kucha, na hapo ndipo anakupa bisibisi.

Shefu wa Baridi, ndivyo mji ulivyomwita, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Tulikuwa mafundi wa kampuni kubwa ya migodi, ile ambayo serikali ilikuwa imeichukua kwa Wabelgiji na ambayo ilitupa nyumba, unga, shule ya watoto na mwishoni jeneza. Wenzetu walichimba na kuyeyusha. Sisi tulitengeneza mashine za kupoza: friji za hospitali, chumba cha baridi cha stoo ya chakula, na viyoyozi vya wakubwa, ambao walikuwa wakipiga simu hata Juni, baridi yenyewe ya Mungu ikiwa imejaa nje. Shefu alituongoza miaka mingi, na katika miaka hiyo yote hatukuzika fundi hata mmoja aliyeuawa na umeme. Karakana nyingine zilizika. Nalisema hili mapema kwa sababu mengine nitakayosema hayatamfurahisha kila mtu.

Sitaki kumpamba. Alikuwa na ulimi mkali, na kiburi pia. Ovaroli yake ilipigwa pasi mpaka ikawa na mistari, viatu vyake viling'aa, na mtu aliyekuja kazini na kifungo kimeachia alirudishwa nyumbani kama amekuja uchi. Hakuazima vyombo vyake. Hakusema tafadhali. Ukifanya kazi vizuri, hakusema kitu. Ukifanya vibaya, alikusema mbele ya watu, tena akianzia na wazazi wako. Nilimchukia mwaka mzima wa kwanza. Wa pili nikaanza kumwelewa, na hilo liliniudhi zaidi.

Na huyu mkuu wa baridi aliichukia baridi. Alivaa sweta la sufi hata Oktoba, wakati lami inalainika barabarani. Nyumbani kwake hapakuwa na friji, ingawa angeweza kuunda moja kwa vyuma vilivyotupwa nyuma ya karakana. Mkewe alianika samaki juani na kutunza mboga ndani ya kikapu kilicholowa maji, kama mwanamke wa kijijini ambako umeme haujafika. Bia aliinywa ya moto. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama nimeuliza kwa nini halali na mke wa jirani.

"Baridi, minye natumika naye muchana yote," alisema, maana kwetu minye ni mimi, na kutumika ni kufanya kazi. "Usiku alale kwake."

Mkono wake wa kushoto ulikaa mfukoni. Hiyo ilikuwa sheria nyingine: ukipima umeme ulio hai, mkono mmoja kazini, mwingine mfukoni, ili moto ukikupata usipate njia ya kutoka mkono huu kwenda ule kupitia moyoni. Sisi tulifanya hivyo kazini. Yeye alifanya hivyo kila mahali. Alisali na mkono mfukoni, alipokea Komunyo na mkono mfukoni, na padri mmoja mgeni alimkemea Misa ikiwa katikati, akidhani ni dharau. Shefu hakuutoa. Alimaliza kusali, akatoka, na wiki iliyofuata akakaa benchi lile lile na mkono mfukoni mle mle. Padri ndiye aliyezoea.

Tulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Kabla hatujaingia ndani ya mashine, Shefu alikata umeme kwenye swichi kuu na kuifunga kwa kufuli la baiskeli yake. Ufunguo aliuning'iniza kwa uzi kwenye kifungo cha ovaroli, na uzi huo ulikuwa wa pamba. Kazi ikiisha, alisimama mbele ya swichi na kupaza sauti: "Nani iko ndani?" Kila mtu alijibu kwa kinywa chake. Huruhusiwi kumjibia mwenzako, hata kama umemwona kwa macho yako akienda msalani. Siku moja mtu alimjibia rafiki yake, na Shefu akakaa chini kwenye sanduku, nyama ya mji mzima ikianza kutoa jasho katika chumba cha baridi, mpaka huyo rafiki aliporudi akifunga suruali na kusema mwenyewe kwamba yuko nje.

Sasa, hiyo ndiyo ilikuwa miaka ambayo majina ya ubatizo yalipigwa marufuku. Tai zilipigwa marufuku, bwana na madamu vilipigwa marufuku, sote tukawa masitwayeni, raia wa Zaire, na kila mtu alitakiwa kujitafutia jina la mababu. Mimi, mtoto wa watu wa Kasai walioletwa kuchimba, niliandikwa jina refu la babu ambaye sikupata kumwona. Ofisini nililiitikia. Lakini pale kwenye swichi, Shefu aliita Plasidi, na mimi nikajibu. Aliita Fidele, aliita Rafaeli. Alisema mtu aliyelala chini ya feni, masikio yamejaa kelele, anasikia upesi lile jina aliloitwa na mama yake, na mengine ayasikie baadaye akitoka. Watu wa chama tawala walimwonya. Siku ya pili yake aliita majina yale yale, tena kwa sauti iliyofika mpaka ofisi ya chama.

Kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, niseme kuhusu kosa letu sisi watu wa Likasi. Mahali pengine fyuzi ikiungua, mtu hana cha kuweka, anakaa gizani mpaka apate nyingine. Kwetu shaba imezagaa. Watoto wanachezea nyaya za shaba, wanawake wanafungia nazo mikungu ya ndizi. Kwa hiyo fyuzi ikiungua tunazungushia shaba, yetu wenyewe, tena safi, na tunajisifu kwamba fyuzi yetu haiungui tena. Ni kweli haiungui. Kinachoungua ni nyumba.

Shefu alikuwa na vita na jambo hilo. Jumamosi moja mchana tuliingia katika baa karibu na soko, watu wamelipwa mishahara, muziki umewekwa juu. Yeye akasikia friji inanguruma vibaya. Hakuuliza. Alikwenda ukutani, akafungua kisanduku cha fyuzi, akaona shaba nene kama njiti ya kiberiti, akakata umeme, akaing'oa, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Muziki ukafa. Kisha akaketi na kuagiza bia yake ya moto, katikati ya walevi waliotaka kumpasua kichwa. Mwenye baa, mama mnene asiyeogopa hata askari, alimfukuza kwa ufagio hadi barabarani. Jumatatu asubuhi Shefu alirudi na fyuzi ya kweli na kuifunga mwenyewe, mama yule amempa mgongo wakati wote. Ilipita miezi hajamsalimu. Lakini kila Jumamosi, nyuma ya kaunta, kulikuwa na chupa moja iliyowekwa kando, ambayo haikuwahi kuingia kwenye friji.

Kwenye mkono ule wa mfukoni, kidole cha pete hakikuwepo.

Alipokuwa kijana, alioa Jumamosi na kurudi kazini Jumatatu, pete mpya kidoleni, fahari imemjaa. Pete ikagusa vyuma viwili vyenye umeme kwa wakati mmoja. Ilikuwa nyekundu kabla hajapiga kelele. Daktari alikata kidole, na pete, au kilichobaki, wakampa ndani ya pamba. Mambo haya sikuyapata kwake. Mkewe ndiye aliyenisimulia, akimenya vitunguu, bila machozi ila yale ya vitunguu. Pete yenyewe ilikaa chini kabisa ya kopo, imepinda kama kipande cha ganda. Ukitia saa yako, unaisikia ikiigonga.

Kopo lilileta ugomvi wa aina zote. Mwenzetu mmoja alikuwa akiisahau pete yake humo kila Ijumaa, na Jumapili akaonekana Kapolowe, nje ya mji, na msichana, kidole kitupu. Mkewe alikuja karakana asubuhi akiwa na mtoto mgongoni. Alisema maneno mengi ambayo siyaandiki. Mwisho akasema, "Bwana yangu alioa minye, hakuoa baridi yenu. Pete yake inafanya nini mu kopo ya maziwa?"

Shefu hakupaza sauti. "Mama, pete itarudia ku nyumba," alimwambia. "Lakini inapashwa irudie na kidole yake." Akatoa mkono wa kushoto mfukoni ili amchagulie pete ile kutoka kwenye kopo, na mama yule akauona. Aliipokea, akaondoka. Tangu siku hiyo yeye mwenyewe alimvua mumewe pete kila asubuhi mlangoni na kumvisha jioni, na safari za Kapolowe zikaisha. Shefu alisema kopo limeokoa ndoa. Mwenye ndoa hakusema hivyo.

Basi, beji. Wenye umri wangu wanaikumbuka: duara dogo la chuma lenye sura ya Rais, la kubandika kifuani upande wa moyo. Ulikwenda kazini nayo, kanisani nayo, msibani nayo. Mtu asiye nayo aliulizwa maswali, na maswali ya miaka ile hayakuwa na mwisho mzuri. Lakini fundi akiinama mbele ya kabati la umeme lililo wazi, beji ndiyo inayotangulia. Pini yake ikiachia, inaangukia pale pale palipo moto. Kwa hiyo beji ilivuliwa na kuingia kopo, pamoja na saa, msalaba na bangili za bibi. Kwa miaka mingi ilikuwa hivyo na hakuna aliyesema neno, kwa sababu wakubwa hawakuja karakana. Palinuka mafuta.

Msimamizi wa chama kazini kwetu hakuwa mtu mjinga, na wala hakuwa katili. Alikuwa na sauti nzuri, ndiye aliyefundisha vikundi vya kucheza na kuimba kumsifu Rais, na alijua kila mtu ana watoto wangapi. Hilo la mwisho ndilo lililomfanya aogopwe. Mwaka mmoja tukaambiwa wageni wakubwa wanakuja kutoka Kinshasa kuzindua mashine mpya ya kupoza ukumbi wa sherehe. Msimamizi alitaka picha: mafundi wamesimama mbele ya kabati la umeme lililofunguliwa, ovaroli safi, beji kifuani, mashine inanguruma na taa zinawaka. Alinichagua mimi nisimame mbele, nadhani kwa sababu ya meno yangu, maana wakati ule nilikuwa nayo yote.

Shefu alikubali kila kitu isipokuwa kimoja. Alimwambia, akiiita beji insinye kama sisi sote: "Kama kabati inafungwa, insinye inabakia ku kifua. Kama inafunguliwa, insinye iko mu kopo. Muchague." Msimamizi akacheka, akasema kabati lililofungwa ni kabati tu, nani anataka picha ya mlango. Na picha ya raia wasio na beji mbele ya wageni wa Kinshasa haiwezekani, kila mtu anajua. Ni dakika chache, akasema. Shefu akamwambia kwamba pete yake haikungoja hata dakika moja. Wakaachana hivyo, kila mmoja akiamini mwenzake atalainika. Mimi niliwajua wote wawili. Nilijua hakuna atakayelainika.

Siku ilifika. Ukumbi ulijaa, wanawake wa vikundi wamevaa vitambaa vyenye sura ileile ya kifuani kwetu, ngoma zinapigwa. Msimamizi alikuwa amemtuma Shefu aende Kakanda, mji mwingine wa migodi, tangu asubuhi, eti friji ya zahanati imekufa. Akanisimamisha mbele ya kabati, akafungua milango mwenyewe, akaniambia nishike bisibisi na niiname kidogo, kama mtu anayefanya kazi. Mgeni mkubwa alikuwa karibu nami, kofia ya chui kichwani, fimbo yenye kichwa cha fedha mkononi, saa nzito ya dhahabu. Nyuma yangu umeme ulikuwa unavuma. Yeyote aliyefanya kazi hii anaijua ile sauti ndogo.

Sikuinama. Nilisimama wima kama mlingoti, jasho likinitoka, na mpiga picha akawa anaonyesha kwa mkono: chini, chini. Msimamizi akatabasamu kwa meno tu.

Hapo nikaona watu wanaachia njia. Shefu hakuwa amekwenda Kakanda. Alikuja katikati ya ukumbi, viatu vinang'aa, mkono wa kushoto mfukoni, na mkono wa kulia umeshika kopo la maziwa. Ngoma zilipungua moja moja. Alifika mbele yangu, akalinyanyua kopo usawa wa kifua changu, akasema kwa sauti ile ile ya kila asubuhi, "Plasidi. Vua."

Nilikuwa na mke na watoto wanne katika nyumba ya kampuni. Nilivua. Nilivua kwa sababu nilikuwa nimesimama nimeupa moto mgongo na hasira imenijaa, na mtu mmoja tu katika ukumbi ule wote alikuwa ameuona mgongo wangu. Beji ililia chini ya kopo. Ukumbi mzima uliisikia.

Mgeni mkubwa aliuliza kwa Kifaransa hicho kilikuwa kitu gani. Msimamizi akaanza kueleza. Shefu akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili chetu, kwamba ndani mna kila chuma cha watu wake. Na sura ya Guide, yaani Rais, pia imo humo, aliuliza mgeni, ndani ya kopo la maziwa?

"Minye shione sura," alisema Shefu. "Niko naona chuma."

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nikiliwaza nacheka. Alimgeuzia mgeni kopo. Alitazama saa ya dhahabu, fimbo, beji, akasema kwa heshima zote kwamba na yeye, kama anataka kusogea karibu na kabati, inabidi avue.

Mgeni hakuvua. Lakini pia hakusogea. Alirudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, akageuka kama mtu aliyeitwa na kuanza kusifu mapazia. Nilifunga milango ya kabati, na picha ikapigwa kutoka mbali, kabati limefungwa, sote tumevaa beji zetu tena. Ile hatua ya kurudi nyuma ndiyo iliyomponza Shefu. Kukosea mbele ya mkubwa kunasameheka. Kumwonyesha mkubwa anaogopa, tena mbele ya wachezaji wake, hakusameheki.

Walimchukua wiki ile ile. Alilala katika chumba cha polisi, sijui mara ngapi, na hakuwahi kusimulia. Kisha ukaitwa mkutano katika ofisi ya chama, na mimi nikaitwa kuwa shahidi kwamba amemtukana Rais. Nilisema nilichosikia: alisema vua. Waliniuliza tena, nikasema tena. Nilinyimwa kupandishwa cheo mpaka nilipoacha kazi, na sijutii hata nukta yake.

Lakini Shefu ndiye waliyemtaka. Msimamizi alikuwa amemwandalia njia nzuri, nakiri hivyo. Asaini karatasi moja tu, atie sinyatire yake chini, kwamba kopo limeondolewa na kwamba beji haitavuliwa tena kazini, kabati liwe wazi au limefungwa. Akisaini, anabaki na cheo, nyumba na pensheni ambayo ilikuwa karibu. Asiposaini, anaanza upya Kakanda kama fundi wa kawaida, na nyumba anaitoa. Wakamwacha aende akazungumze na mkewe, maana walijua mwanamke mwenye nyumba ya vyumba vitatu na bomba la maji atamshauri vizuri.

Mkewe, naye aliniambia haya baadaye, alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza karatasi inasomeka vipi, kisha akasema hawa watu wanataka uwatie vijana pete yangu. Akaanza kufunga sufuria.

Asubuhi yake Shefu aliingia ofisini, akaiona karatasi mezani na kalamu juu yake. Alitoa mkono wa kushoto mfukoni. Akaulaza juu ya karatasi, vidole vimeachana, ile nafasi katikati yake ikionyesha maneno ya chini.

"Hii njo sinyatire yangu," alisema.

Msimamizi alitazama dirishani. Shefu akaurudisha mkono mfukoni, akatoka, na kabla mwezi haujaisha nyumba ikapewa mtu mwingine. Kopo lilichukuliwa kama ushahidi. Pete ilikuwa ndani yake, na hakurudishiwa kamwe. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kuliko nyumba.

Walituletea shefu mpya, kijana mpole aliyekuwa na hofu ya kila kitu. Stuli ya mlangoni ikaondolewa. Siku ya kwanza tulisimama pale, hatujui tufanye nini na mikono yetu. Kisha Rafaeli akavua kofia yake, akaigeuza, akatia ndani saa na beji, akaiweka chini kando ya ukuta. Nami nikavua kofia. Mpaka saa nne kulikuwa na kofia zimepangwa ukutani kama bakuli za waombaji. Shefu mpya alizipita akitazama dari. Alizipita hivyo miaka yote, na umeme ukaendelea kutukosa.

Shefu wetu wa zamani nilimwona kwa mara ya mwisho Kapolowe, alikohamia baada ya Kakanda. Utawala wa chama kimoja ulikuwa umeondolewa, majina ya ubatizo yamerudi, na kampuni yenyewe ilikuwa inakufa polepole kama mzee asiye na mtu wa kumlisha. Watu walikuwa wametupa beji zao. Nilikuwa nimeziona zimekanyagwa kwenye matope ya soko Likasi, na nikiri nilikanyaga moja mwenyewe, kwa makusudi, nikageuza kisigino. Nilikwenda kumtafuta Shefu kwa sababu masista wa misheni walinituma: friji yao ya dawa za chanjo ilikuwa imeacha kupoza, nami nilitaka masikio yake.

Nilimkuta katika shamba lake la kabichi. Alikuwa amezeeka sana, sweta lile lile, viatu vimefutwa hata humo shambani. Na kifuani, upande wa moyo, juu ya sufi, alikuwa amebandika beji.

Nilikasirika mpaka nikasahau kusalimu. Nilimwambia kwamba hawa watu walimlaza chini kwenye saruji, walimnyang'anya nyumba, walimpotezea pete ya mkewe, na leo ambapo kila mtoto mdogo anaitupa hiyo sura chooni, yeye anaipamba kifuani kwenye kabichi. Alinisubiri nimalize. Akaniambia kwamba vijana wa barabarani nao walimsimamisha juzi, wakamwamuru aivue, wakamtishia kumpiga.

"Mbele, wakati ule, balikuwa banalazimisha kuvaa," alisema. "Minye nilivua wakati ya kazi. Sasa banalazimisha kuvua. Minye navua wakati ya kazi."

Nikamuuliza anawezaje kuitazama ile sura kila asubuhi.

"Sura gani?" alisema, akachukua fimbo yake, akatangulia kuelekea misheni.

Friji ilikuwa katika chumba kidogo nyuma ya zahanati, na jenereta inavuma nje. Sista alitueleza matatizo yake. Shefu aliinamisha sikio, akasikiliza kompresa kwa muda, akasema ni kontakta, swichi inayoiwasha. Kisha akamwomba Sista kopo. Sista akadhani anataka maji ya kunywa, akaleta kikombe. Hapana, alisema Shefu, kopo, lolote lile. Sista akatoka na kurudi na kopo la maziwa ya unga, la ukubwa ule wa zamani, lililokuwa na punje za mbegu ndani. Shefu alizimwaga kwenye kiganja chake na kumrudishia.

Alivua beji. Pini ikamsumbua, lakini hakutaka nimsaidie. Ikaanguka ndani, ikalia. Kisha akanigeukia mimi, mzee mwenzake sasa, fundi wa miaka yote hiyo, nimesimama na bisibisi mkononi na saa yangu inang'aa mkononi, akanisogezea kopo na kusubiri.

Nikavua saa.